Plasi Mbili Kwenye Karatasi ya Maabara

Msichana nitakayewasimulia habari zake nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kumtafuta Makongeni wala Kiganjo. Karatasi aliyokuwa ameishika, hiyo si ya kutunga. Karatasi za namna hiyo hutoka kila siku katika maabara za Thika, Juja na Ruiru, na wengi wenu mtakabidhiwa moja kabla hamjamaliza shule.

Alikuwa anajiandaa kuingia shule ya bweni, na fomu ya afya ilitaka apimwe mkojo. Siku ya kupimwa aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake, maana ni mkimbiaji wa mbio za nyika. Akatoka Makongeni mbio mpaka karibu na Blue Post, pale Mto Chania unapopita, akageuza akarudi. Hakunywa maji. Akaoga, akala mayai mawili na githeri iliyobaki jana, akaenda zahanati. Akapewa kichupa, akakitia mkojo wa manjano iliyokolea, akakirudisha dirishani. Baada ya muda akaitwa jina. Sukari, hakuna. Damu, hakuna. Protini, plasi mbili. Daktari alikuwa ameshaondoka, akaambiwa arudi Jumatatu.

Usiku akaanza kusoma kwenye simu. Aliona maneno "figo kufeli", na baada ya hapo macho yake hayakuona kitu kingine. Jumamosi asubuhi akapanda matatu mpaka Ruiru, kwa nyanya yake wa Gitothua, ambaye humwita shosho.

"Shosho, figo zangu zimeharibika."

"Nani amesema?"

"Karatasi imesema."

Shosho akatafuta miwani, akaisogeza ile karatasi dirishani penye mwanga. "Huko shuleni B plasi ni nzuri. Na hii?"

"Hii ni mbaya. Ni protini."

"Protini? Ulikula nini kabla ya kwenda?"

"Mayai mawili na githeri."

"Basi ni hiyo. Mama, acha mayai na maharagwe mpaka ipungue."

Hapo shosho alikosea, na wengi hukosea palepale. Protini ya maharagwe haifiki kwenye kichupa ikiwa protini ya maharagwe. Tumbo na utumbo huivunjavunja mpaka iwe vipande vidogo sana vinavyoitwa amino asidi, vipande hivyo vikaingia katika damu, na mwili ukavitumia kujenga protini zake wenyewe. Kinachoonekana kwenye mkojo ni mali ya mwili iliyokuwa tayari ndani ya damu. Sehemu kubwa yake ni protini moja iitwayo albumini, inayotengenezwa na ini. Albumini inabeba vitu vingi katika damu, zikiwemo baadhi ya dawa, na inafanya kazi nyingine ambayo hutaifahamu mpaka ikosekane: inayavuta maji yabaki ndani ya mishipa. Ikipungua sana, maji hutoka mishipani yakaingia kwenye nyama, na mtu akavimba miguu, tumbo na kope za macho. Mtoto anayekua akinyimwa maharagwe kwa sababu ya plasi mbili ananyimwa chakula bure.

Lakini shosho huyuhuyu, aliyekosea kuhusu maharagwe, alikuwa na elimu nyingine iliyotosha kumweleza mjukuu wake jambo lote. Ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapo Thika. Kahawa ya wakulima ikishakobolewa ganda, buni hupitishwa kwenye machekeche yenye matundu ya ukubwa tofauti. Punje kubwa, zinazoitwa AA, zinabaki juu ya chekeche lenye matundu ya karibu milimita 7. Zinazopenya zinakutana na chekeche jingine lenye matundu madogo zaidi, nazo zikabaki AB. Chini kabisa huanguka vipande vilivyovunjika na vumbi. Kazi ya shosho ilikuwa kuangalia kilichoanguka. Akikuta punje za AA ndani ya gunia la vipande, hakuulaumu mbuni wala mkulima wa Gatundu aliyeileta kahawa hiyo. Alisimamisha mashine, akakagua chekeche lilipochanika.

Figo hufanya kazi hiyo kwa damu. Mnazo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, pande mbili za uti wa mgongo karibu na mbavu za mwisho. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, takriban milioni 1. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ya damu, na ukuta wa mishipa hiyo ndio chekeche. Maji, chumvi, sukari na taka ndogondogo hupenya. Chembe za damu hubaki. Albumini nayo inatakiwa kubaki, kwa sababu ni kubwa, na kwa sababu nyingine ambayo chekeche la kahawa halina: albumini ina chaji hasi ya umeme, na ukuta wa kichujio una chaji hasi pia, hivyo vikikaribiana vinasukumana.

Kwa siku moja vichujio hivyo hutoa takriban lita 180 za maji kutoka katika damu. Hesabuni mitungi ya lita 20: ni tisa. Mngekojoa mitungi tisa kwa siku mngekauka mkafa kabla ya jioni, lakini mirija iliyounganishwa na vichujio huyarudisha karibu maji yote katika damu pamoja na chumvi na sukari inayohitajika. Kinachobaki ni lita 1 au 2 za mkojo. Mirija hiyo huokota pia albumini chache zilizopenya. Ndiyo maana mkojo wa mtu mzima mwenye afya huwa na protini chini ya miligramu 150 kwa siku nzima. Si sifuri, lakini ni kidogo kiasi kwamba kijiti cha kawaida cha kupimia hakiioni.

Sasa tukiangalie hicho kijiti. Ni kipande chembamba cha plastiki chenye vibandiko vya rangi vilivyopangwa kwa mstari, kila kibandiko na kazi yake: sukari, damu, chembe nyeupe, na kadhalika. Kibandiko cha protini huwa cha manjano. Albumini ikikigusa, dawa iliyomo hubadilika ikawa kijani, na albumini ikizidi inaelekea buluu. Mtaalamu wa maabara huchovya, hungoja sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, kisha hulinganisha rangi na mfano uliochapishwa ubavuni mwa kopo hilo. Plasi moja ni karibu miligramu 30 za protini katika kila mililita 100 za mkojo. Plasi mbili ni karibu 100. Plasi tatu ni karibu 300.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo msichana wetu alipoponea. Kijiti hakijui umekojoa mkojo kiasi gani kwa siku. Kinajua tu ukali wa mkojo uliomo kichupani wakati ule. Protini ileile, ukiikojoa katika maji mengi, kijiti kitasema hakuna, na ukiikojoa katika maji machache, kijiti kitasema plasi. Mtu aliyekimbia kilomita nyingi alfajiri bila tone la maji analeta mkojo mzito. Na mbio zenyewe zina lao. Ukikimbia kwa nguvu, mtiririko wa damu ndani ya figo hubadilika, na kwa muda albumini hupenya kuliko kawaida. Homa kali hufanya hivyohivyo. Kwa mtu mzima wa afya hali hiyo huisha yenyewe ndani ya siku 1 au 2.

Kabla ya vijiti kubuniwa, kazi hii ilifanywa kwa moto. Mwishoni mwa miaka ya 1600 daktari Mholanzi, Frederik Dekkers, aliona kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa ukipashwa moto na kutiwa tone la asidi ya siki huganda ukawa mweupe. Aliyeiunganisha habari hiyo na figo ni Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London. Mwaka 1827 alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba mwili. Aliuchemsha mkojo wao katika kijiko juu ya mshumaa, akaona unaganda, na walipofariki akafungua miili yao, akakuta figo zimeharibika. Kwa zaidi ya miaka 100 maradhi mengi ya figo yaliitwa kwa jina lake. Mimi humheshimu Bright kwa sababu hakuishia kwenye kijiko. Alitaka kujua kilichokuwa nyuma yake.

Jumatatu msichana akarudi zahanati, safari hii na shosho. Daktari hakuanza na dawa, alianza na maswali. Ulikuwa na homa wiki hiyo? Hapana. Ulikuwa kwenye hedhi? Hapana. Aliuliza hilo kwa sababu damu ya hedhi au ute wa ukeni ukichanganyika na mkojo huweza kupotosha kipimo. Asubuhi hiyo ulifanya nini? Nilikimbia. Umewahi kuvimba macho ukiamka, au kukojoa mkojo wa kahawia, au mkojo wenye povu jingi lisiloisha? Hapana. Kuna mtu nyumbani mwenye ugonjwa wa figo, presha au kisukari? Shosho akajibu yeye: "Presha ninayo mimi, na guka, babu yake, ana sukari." Daktari akaandika. Akapima presha ya msichana, ikawa sawa. Akambonyeza kidole juu ya mfupa wa mguu, akaangalia kama pamebaki shimo. Hapakubaki.

Kisha akampa maagizo. Asikimbie siku mbili. Usiku wa pili, akienda kulala, aende choo kwanza amalize mkojo wote. Asubuhi akifungua macho tu, kabla hajazunguka nyumbani, achukue mkojo ule wa kwanza: aanze kukojoa chooni, kisha akinge kichupa katikati, na mwisho umalizikie chooni. Aulete mapema.

Kwa nini ule wa kwanza? Kuna vijana wengi wa umri wenu, warefu na wenye afya, ambao figo zao huvujisha protini kidogo wanapokuwa wamesimama au wakitembea mchana, lakini wakilala usiku hazivujishi. Wakipimwa saa nane mchana wana plasi, wakipimwa mkojo wa usiku hawana. Hali hiyo huonekana sana kwa vijana kuliko watu wazima, haidhuru figo, na mara nyingi huisha umri ukiendelea. Njia ya kuijua ni kupima ule mkojo uliokusanyika mtu akiwa amelala. Ukikuta protini ndani ya mkojo huo, hapo huwezi tena kusingizia mbio wala kusimama.

Mkojo wa pili wa msichana ukatoka bila protini. Daktari akamjazia fomu ya shule, akamwambia apimwe tena baada ya miezi michache kwa uhakika, na anywe maji akitoka mbio.

Ningeweza kuishia hapo, mkafurahi, na ningewadhulumu. Plasi inayopita ni ya wengi. Lakini kuna inayokaa, na hiyo haisubiri.

Chukueni mtoto wa miaka 4 anayeamka kope zimevimba mpaka macho hayafunguki vizuri. Mchana uvimbe unapungua usoni, unashuka miguuni. Mama anaambiwa ni mzio, anaambiwa ni minyoo, mwingine atasema ni jicho baya la watu. Mkojo wake ukipimwa kijiti kinakuwa buluu: plasi tatu, nne. Huyo anaweza kuwa na ugonjwa ambao vichujio vimelegea vyote kwa pamoja, albumini inamwagika, na maji yanahamia kwenye nyama. Wengi wa watoto wa namna hiyo wanapopewa prednisolone kwa kipimo sahihi, protini huisha ndani ya wiki 4. Ugonjwa hupenda kurudi, ndiyo maana wazazi wao hufundishwa kupima mkojo nyumbani asubuhi kwa kijiti, wakaandika matokeo katika daftari. Nimewaza mara nyingi jinsi ilivyo heshima kubwa kwa mzazi kukabidhiwa kijiti hicho, kwa sababu yeye ndiye atakayeona ugonjwa ukirudi kabla uso wa mtoto haujavimba.

Mtoto mwingine aliumwa koo, au alikuwa na vidonda vya ngozi vyenye usaha, vikapona. Wiki 1 hadi 6 baadaye mkojo unakuwa wa kahawia, uso unavimba, presha inapanda. Vita ambavyo mwili ulipigana na bakteria vimeacha mabaki yaliyoziba vichujio vya figo. Wengi hupona, lakini lazima awe mikononi mwa daktari, maana presha inaweza kupanda ghafla.

Na Afrika Mashariki ina mchango wake katika elimu hii. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1960, Daktari Kibukamusoke na wenzake walionyesha uhusiano kati ya aina moja ya malaria, ile ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72, na watu waliovimba wakimwaga protini kwenye mkojo. Nairobi nayo ina kisa chake, na hiki nataka mkisikie ninyi hasa.

Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanywa Nairobi. Madaktari waliwachunguza watu wazima 60 wenye uvimbe na protini nyingi katika mkojo, wakitafuta chanzo cha ugonjwa huo. Jibu halikuwa malaria. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi, na ndani ya krimu hizo mlikuwa na zebaki. Zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu, na figo ndizo zinazolazimika kuichuja. Baadhi ya waliotupa krimu walipona kabisa, protini ikakoma. Fikirieni hilo: msichana wa mjini, mzima, anavimba miguu na hajui kwamba ugonjwa umekaa juu ya meza yake ya kioo, ndani ya kikopo kizuri alichokinunua kwa mshahara wake.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki mwaka 1998. Bado krimu za aina hiyo huingia kwa njia za panya, na pengine kikopo hakitaji zebaki kabisa, au kinaitaja kwa jina la kalomeli. Mkiuziwa krimu isiyo na orodha ya vilivyomo, inayoahidi kubadilisha rangi ya ngozi kwa siku chache, iacheni dukani. Siwaambii hivyo kwa sababu ya siasa za rangi, ingawa hizo nazo nina maneno yake. Nawaambia kwa sababu ya figo zenu. Na kwa wanamichezo: vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen, vinavyomezwa kila wiki bila kuandikiwa na daktari, hasa mwili ukiwa hauna maji, vinaweza kuziumiza figo pia.

Kuna mahali pengine ambapo plasi haichekewi hata siku moja, napo ni kliniki ya wajawazito. Dada zenu na shangazi zenu wakienda kliniki hupewa kichupa na kupimwa presha. Si mazoea tu ya ofisi. Baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, presha ikifika 140 kwa 90 na protini ikionekana kwenye mkojo, huenda ni kifafa cha mimba kinachojongea. Kichwa kinauma sana, macho yanaona giza au vimulimuli, panauma chini ya mbavu za kulia. Anayeona hayo aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama kliniki yake ni wiki ijayo.

Sasa nirudi kwa shosho, kwa sababu alipotamka "presha ninayo mimi" kuna mtu alimsikia, naye ni mjukuu wake. Ndani ya matatu ya kurudi, wakipita Juja, msichana akamuuliza, "Wewe umewahi kupimwa mkojo, Shosho?"

"Wa nini? Mimi sina shida ya kukojoa."

Jibu hilo limewapoteza watu wengi sana. Figo inayoharibiwa na presha au kisukari haiumi. Haizuii mkojo kutoka. Vichujio hufa kimoja kimoja, vilivyobaki hubeba mzigo wa vilivyokufa, na mtu anaendelea kulima, kuuza mboga, kupanda matatu. Anapoanza kuchoka, kutapika na kuvimba, kiasi kikubwa cha figo kimeshapotea na hakirudi. Hapo ndipo watu huanza safari za kusafishwa damu kwa mashine, mara 2 au 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila mara. Kabla ya hayo yote, miaka kadhaa kabla, figo hutoa ishara moja tu ndogo, albumini kidogo kwenye mkojo, na ishara hiyo lazima itafutwe kwa kipimo.

Shosho akakubali kupimwa pale Ruiru. Mkojo wa kwanza wa asubuhi: plasi moja. Wiki iliyofuata tena: plasi moja. Hakuwa amekimbia mbio zozote. Daktari akaagiza kipimo cha pili kinacholinganisha albumini na kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa kiasi karibu kilekile kila siku. Kipimo hicho hakidanganywi na wingi wa maji. Kiasi cha kawaida ni chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu 1 ya kreatinini. Ya shosho ilikuwa 180. Akatolewa damu pia, kuona figo zinachuja kwa kasi gani. Zilikuwa zimepungua nguvu kidogo, kidogo tu.

"Presha yako unameza dawa kila siku?" daktari akamuuliza.

"Nikisikia kichwa."

Daktari hakumfokea. Alimweleza kwamba presha nayo haiumi siku nyingi, na kwamba kila siku isiyo na dawa ni siku ambayo damu inapiga vichujio kwa nguvu kuliko vinavyoweza kustahimili. Akambadilishia dawa, akampa losartan, inayoshusha presha ya mwili na kupunguza msukumo ndani ya vichujio vyenyewe, hata albumini ikapungua. Akamwambia arudi baada ya wiki 2 apimwe damu, kuona dawa imepokelewa vipi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mchuzi na kwenye mkate. Vidonge vya magoti alivyokuwa akinunua kwenye kemisti aviache. Albumini ipimwe tena baada ya miezi 3, kwa kuwa ugonjwa wa figo huitwa sugu ukishadumu zaidi ya muda huo.

"Na maharagwe?" shosho akauliza.

"Kula maharagwe yako, mama."

Msichana akamwangalia shosho, shosho akajifanya hakusikia. Kisha msichana akauliza alilokuwa nalo moyoni tangu Jumatatu. "Na guka? Ana sukari mwaka wa tisa huu."

"Mkojo wake umewahi kupimwa albumini?"

"Hupimwa sukari tu, kwenye kidole."

Daktari akaweka kalamu chini. Mtu mzima anayegunduliwa kisukari cha ukubwani, alieleza, anatakiwa kupimwa albumini ya mkojo siku ileile anapogunduliwa, kisha kila mwaka, kwa sababu sukari inaweza kuwa imemkaa mwilini miaka kadhaa kabla ya kujulikana. Guka alikuwa amekosa mara tisa. Walimleta Alhamisi.